Kipande Bila Bitana

Jumatatu, 8 Juni 1981

Pindo za sare tangu asubuhi. Kaptura za kaki, sketi za samawati. Watoto wa Isiolo wanarefuka kama waliogombana na nguo zao. Upepo umeanza mapema mwaka huu. Unaleta vumbi la barabara yote ya Bulla Pesa hadi hapa barazani, mbele ya duka la Mzee Abdi, na mimi nakaa hapo na cherehani yangu nikilimeza. Nikipangusa mashine jioni, asubuhi ni nyekundu tena.

Nina mimba. Mwezi wa nne. Haya, nimeandika.

Anayejua ni Mwenda, mume wangu, na tangu Jumamosi mama yake pia. Alishuka kutoka Meru na pikapu ya miraa, kapu la nduma mkononi, akanitazama tumbo kabla ya kunisalimia. Akasema safari hii hataki kuona hata kofia. Hakuna kununua, hakuna kushona, hakuna kukunja kitu kabatini mpaka mtoto afike. Ndivyo ilivyo kwao, na kwetu ni hivyo hivyo, sikuwa na la kubisha.

Anaamini kofia ndiyo iliyomuua Mutuma. Mwanangu aliyeishi siku nne. Niliifuma mwenyewe ile kofia, nyeupe, na blanketi nikashona, na vyote nikavikunja vizuri nyumbani. Yeye akaja kabla ya wakati, Julai, kwenye upepo kama huu, njiani kwenda hospitali. Akafungwa leso iliyolowa huku blanketi lake limelala kabatini. Nilikuwepo. Nilimshika akitetemeka. Baridi ndiyo iliyomchukua.

Huyu hatapigwa na baridi. Sijui nitafanyaje, lakini hatapigwa.


Alhamisi, 11 Juni

Nimepata. Imenijia nikipiga bandi, mishono ya kushikiza, kwenye suruali ya askari mmoja mnene.

Blanketi la vipande lina tabaka tatu. Juu ni vipande vilivyounganishwa. Katikati ni pamba, au blanketi kuukuu. Chini ni bitana. Ukiwa na juu peke yake huna blanketi. Una kitambaa chenye nyuzi na mapindo nyuma, na hakuna mtu anayemfunika mtoto kwa kitu kama hicho.

Kwa kawaida vipande vyangu havizidi sahani. Vinatakiwa vingi sana ndipo vijae kitandani. Lakini je, nikishona kipande kimoja tu, kikubwa, cha kutosha mtoto mzima na miguu yake? Sijamshonea mtu nguo. Nimeshona kipande. Siku akilia, bitana na pamba ni kazi ya asubuhi moja.

Mama Mwenda alikataza kofia. Vipande hakuvitaja.

Nimeanza leo leo. Mraba mwekundu katikati, kisha mikanda inauzunguka: kaki, samawati, leso ya manjano, kaki tena. Gunia langu la mabaki limejaa, sina haja ya kununua kitu. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba unaweza kuongeza raundi za mikanda utakavyo. Mtu akiniuliza kama nimemaliza nitamwambia bado, na nitakuwa nimesema kweli.


Jumapili, 21 Juni

Mwenda ametoka kanisani akakuta kipande kimetandazwa kitandani. Ameuliza ni nini. Nikasema ni kipande cha blanketi. Akacheka. Akauliza kitanda chenyewe ni cha nani, cha ndovu? Halafu akakitazama vizuri, akanitazama mimi, kicheko kikakatika.

Ameuliza kama mama yake anajua. Nimesema hakuna cha kujua, ni kitambaa. Akatoka nje kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Ni mtu mzuri. Ofisini kwao, idara ya maji, wanamwogopa. Mbele ya mama yake ana miaka saba.


Ijumaa, 3 Julai

Waislamu wanangoja mwezi, huenda kesho wakafunga. Talaso, jirani yangu wa chumba cha pili, amekuja kuazima unga akaniona na kipande mapajani. Ye naye ni mjamzito, amenitangulia miezi miwili hivi. Hakuuliza kitu. Alikigeuza, akaona nyuma hakuna bitana, akakirudisha. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Kumbe na kwao hawashoni kabla.

"Fundi, shonea mimi pia," amesema. "Lakini usimalize."

Anaenda kujifungulia Korbesa kwa mama yake. Huko, amesema, mchana hata mbuzi wanatafuta kivuli, lakini alfajiri kuna kaupepo. Nimemwanzia chake leo. Katikati nimeweka kijani, yeye ndiye aliyechagua.

Nimefurahi. Nilikuwa nimesahau kuwa jambo hili linaweza kuchekesha.


Jumatano, 22 Julai

Talaso ameondoka wiki iliyopita na lori la Merti, kipande chake chini ya mkeka, bila bitana. Kabla ya kwenda alikuwa amewaambia wanawake wa ploti nzima. Sasa wanakuja. Mke wa mwalimu. Dada wa muuza maziwa. Mmoja ametoka Wabera kwa miguu na tumbo lake mbele. Hakuna anayetaja mtoto. Wanasema, "Fundi, nasikia una vipande vikubwa." Nasema ninavyo. Wanachagua rangi ya katikati. Sharti ni moja, na hatukuliandika popote: bitana haiwekwi mpaka mtoto asikike. Mzee Abdi anasema amefanya biashara maisha yake yote na hajaona duka linalouza nusu ya kitu.

Mchana Mama Mwenda ametokea bila taarifa. Nilikuwa naongeza raundi kwenye changu. Hakukaa.

"Ni nini hiyo?"

"Ni kipande cha blanketi, mama."

"Blanketi la nani?"

"La kitanda."

Akakichukua. Akakipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi vidole, urefu na upana. Mwanamke aliyebeba watoto saba mgongoni. Hakuhitaji futi ya fundi. Akakirudisha juu ya mashine taratibu, akasema nina kichwa kigumu, na kwamba mwanawe ndiye atakayechimba tena. Akaondoka, chai ameacha nusu.

Mkanda ule niliufumua mara mbili. Hasira. Na woga, sitajidanganya. Lakini raundi ile nimeimaliza.


Jumapili, 16 Agosti

Damu. Jana, nikiwa kwenye cherehani. Si nyingi. Naandika nimelala chali.

Hospitali wamesema mtoto bado yupo, anacheza. Nilale. Nisikanyage pedali mpaka waseme. Nimemwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, mengine yalikuwa ya kugombana.


Jumatano, 19 Agosti

Habari imefika Meru. Mama Mwenda ametuma ujumbe kwa dereva wa pikapu: kitoeni kile kitambaa nyumbani.

Asubuhi nimeamka kipande hakipo. Mwenda amekibeba kazini ndani ya mfuko wa karatasi. Nimemtumia maneno kwa mlinzi wa ploti, anayepita pale ofisini: asipokileta nitasimama, nitatembea kwa miguu yangu hadi pale, nitakiomba mbele ya mkubwa wake. Anajua ninaweza. Saa ya chakula cha mchana amekuja nacho. Amekaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

Amesema anaogopa. Si mama yake tu. Anaogopa kushika tena mtoto aliyepoa. Nimemwambia mimi naogopa hilo hilo, ndiyo maana nashona. Hakukubali na hakukataa, amerudi kazini amechelewa.

Naongeza raundi kwa mkono sasa. Mishono midogo, nimelala, kipande juu ya tumbo. Huyu wa ndani anakipiga teke. Nimeamua ni salamu.


Jumanne, 15 Septemba

Wameniruhusu kukaa barazani, si kukanyaga pedali. Nafanya ya mkono: vifungo, pindo, bandi.

Mke wa mwalimu amerudi. Amekuja na kipande chake, na mgongoni mtoto wa kiume, mweusi, ana hasira. Nimeweka pamba, nimeweka bitana ya kitambaa cha marekani, nimefunga mafundo ya sufu kila pembe. Kazi ya asubuhi moja, kama nilivyosema. Yule wa Wabera naye alikuja wiki jana. Msichana. Kila anayerudi kwa bitana nataka kumkumbatia, najizuia, nasema tu, "Umefika."

Wanawake hao sasa wananiita kwa mzaha Mama Bitana. Bora kuliko fundi tupu. Mwanamke wa umri wangu asiye na mtoto haitwi mama wa mtu yeyote, na hilo nimelizoea kwa shida.

Talaso atakuwa amejifungua sasa. Nimewauliza madereva wa Merti, hawajui. Korbesa ni mbali na barabara yao.


Ijumaa, 9 Oktoba

Talaso amerudi. Peke yake.

Niliona shuka yake kwanza, ikishuka kwenye lori, nikasimama haraka kuliko ninavyoruhusiwa. Mgongoni hakuwa na kitu. Alikuja moja kwa moja barazani, akakaa kwenye sanduku la wateja, akatoa kile kipande cha kijani. Kimekunjwa. Hakina hata vumbi.

Alikuwa msichana. Aliishi wiki moja na siku kidogo. Alinyonya vizuri, halafu akaacha kunyonya. Ndivyo alivyoeleza, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza zaidi. Lakini nimeuliza jambo moja, na nalijutia, lilinitoka tu. Nimeuliza kama kulikuwa na baridi.

"Hapana, fundi. Ilikuwa joto. Joto sana." Amenitazama. "Na hii hatukumaliza. Hakuna kitu tulikosea."

Mzee Abdi alileta chai, akainamisha kichwa, akarudi ndani. Talaso ameninywea na yangu.

Nimeandika hii mchana kwa sababu siwezi kushona. Miaka miwili nimekuwa na jibu langu. Baridi. Mama Mwenda alikuwa na lake. Kofia. Tumepigana kwa majibu hayo kama watu wanaogombea shamba. Na sasa mtoto wa Talaso amekufa kwenye joto, na mwiko umetunzwa mpaka uzi wa mwisho. Basi sijui. Sijui ni nini kilichomchukua Mutuma, na sijui nimkinge huyu na nini.


Jumamosi, 24 Oktoba

Sijashona wiki mbili. Kipande kiko chini ya godoro, sitaki kukiona.

Mvua zimekaribia, mawingu yanakaa juu ya Meru halafu yanabadilisha nia. Miguu imevimba. Mwenda anapika, ugali wake una madonge.


Jumatano, 28 Oktoba

Talaso ameingia chumbani leo bila kubisha, amevuta kile kipande kutoka chini ya godoro kana kwamba ni chake. Amesema raundi ya mwisho imekaa vibaya, upande mmoja ni mfupi. Ni kweli. Niliishona nimelala.

Nikamwambia sina nguvu ya hiyo kazi, na kwamba haina maana. Amesema anajua haina maana. Amesema hata hivyo upande mmoja ni mfupi. Akakaa akanipa sindano.

Tumeongeza mkanda pamoja, yeye upande wake, mimi wangu. Samawati. Hatukuzungumza habari ya watoto. Tulimsema mwenye ploti na choo chake. Nilipomaliza nimejisikia mwenye njaa, nimekula madonge yote.

Nitaendelea. Sina sababu nzuri kama zamani. Nashona kwa kuwa ninamtaka, na ninataka kitu cha kufanya na huko kutaka.


Alhamisi, 12 Novemba

Amefika. Jumanne, saa tano asubuhi, mvua ikipiga mabati ya hospitali hata muuguzi akalazimika kunipigia kelele nisukume. Msichana. Mdogo, lakini ana sauti ya mnadani. Nimemsikia kabla sijamwona.

Talaso alikuwa mlangoni. Aliwahi kumpokea, akamfunga leso kavu, tatu, moja juu ya nyingine. Sikumwomba. Nilimwona akimshika na uso wake sikuweza kuuangalia muda mrefu. Akanipa. Akasema ni mzito kuliko anavyoonekana.

Mwenda amelia kama mtoto. Nimemwacha.


Jumapili, 15 Novemba

Tumerudi nyumbani. Kunanyesha, chumba kina unyevu, mtoto yuko ndani ya leso na sweta ya baba yake. Mama Mwenda amefika jana, amelowa, na nduma zake. Amemwogesha, amemgeuza, amemhesabu vidole. Kipande kimekaa juu ya kiti. Ameketi kiti kingine.

Pamba iko. Bitana iko, marekani safi, nilikata zamani. Kazi ya asubuhi moja. Nimewafanyia wanawake wote wa mtaa huu.

Siwezi.

Nimeshika sindano mara kadhaa. Nikiweka bitana inakuwa blanketi, na blanketi nimeshawahi kumaliza. Mimi niliyemtuma mlinzi wa ploti na vitisho. Mimi niliyejiona jasiri kuliko wazee. Mutuma alipita siku ya nne. Wa Talaso baada ya wiki. Ninamtazama huyu kifua kikipanda na kushuka na sithubutu kugusa uzi. Ninajichukia kidogo.

Mama Mwenda ameona. Hajasema neno. Ningependa aseme, nipate wa kugombana naye.


Alhamisi, 19 Novemba

Mvua imepungua. Asubuhi baridi, ile ya unyevu inayoingia kwenye mifupa. Mtoto alikuwa akipiga chafya. Mimi nilikuwa nimekaa na kipande mapajani, kama jana, kama juzi.

Mama Mwenda alikuwa akimenya nduma. Akaacha kisu. Akapangusa mikono kwenye leso yake, akaja, akanyoosha mkono.

"Lete sindano," amesema. "Mtoto anaona baridi."

Nikampa. Hajui cherehani, hajawahi kuikalia. Ameshuka chini sakafuni na magoti yake mabovu, akatandaza bitana, akatandaza pamba, akaweka kipande juu. Alimwita Talaso amshikie upande wa pili usiteleze. Ameshona kwa mkono, pembeni zote, mishono mirefu, jinsi wanavyofunga magunia ya maharagwe kwao. Upande mmoja umevutika, kona moja imejikunja. Mdomo wake ulikuwa ukinong'ona muda wote. Nilifikiri anahesabu. Alikuwa akiomba. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekuwa akiogopa pamoja nami tangu Juni, na kuogopa kwake kulikuwa na sauti kali.

Alipomaliza amekata uzi kwa meno. Amemfunga mtoto mwenyewe, akamtazama kwa muda. Halafu amenigeukia, amenyoosha blanketi kidogo pale lilipojikunja.

"Fundi, kuna pa kufumua?"

Nimesema hakuna, mama.